Wifi Yangu Rubani

Siku kaka yangu alipomleta mchumba nyumbani, mama yetu alimkagua kuanzia nywele mpaka visigino, akamkaribisha kiti, akammiminia chai, halafu akauliza lile swali ambalo lazima liulizwe.

"Unafanya kazi gani, mwanangu?"

"Mimi ni rubani, mama."

"Rubani wa nini?"

"Wa ndege."

Mama akanigeukia mimi, kana kwamba mzaha ule nilikuwa nimeupanga mimi. Kisha akamgeukia kaka. Kaka yangu ni fundi boti, mtu wa kushinda bandani kifua wazi, vumbi la faiba mpaka kwenye kope. Mama akamuuliza mbele ya mgeni: "Na huyu siku akinuna akaondoka, wewe utamfuata na nini?"

Tulicheka sote, lakini mgeni alicheka kutushinda, mpaka chai ikamwagika kwenye sketi. Hapo nikamkubali. Mimi ni mshonaji, nina mdomo mrefu kuliko uzi, na najijua. Mtu anayeweza kucheka huku akichekwa, huyo naweza kukaa naye nyumba moja.

Basi jina likawa hilo, Rubani. Lilianza kama utani wa mawifi, lakini mama akanogewa nalo. Alilitamka makusudi mbele ya majirani, sauti juu. "Rubani wangu amerudi." "Hebu mpelekeeni Rubani maji ya kuoga." Kaka naye alimwita hivyo hivyo. Wanawake wengine walioolewa mtaani waliitwa mama fulani na mke wa fulani. Wifi yangu aliitwa kwa kazi yake, na lilimpendeza, maana kazi ile aliipigania kwelikweli.

Alikuwa na tabia moja iliyonichosha mwanzoni. Kila alilofanya alilitaja kwa sauti, na kidole kikilionyesha. Akitoka jikoni: "Gesi, imefungwa." Akitoka chumbani: "Dirisha, limefungwa. Pasi, imezimwa." Siku moja nikamuuliza anaongea na nani, au tumeoa mwenye majini.

"Naongea na mkono wangu, wifi," akasema. "Mkono ni mjinga. Ukiuacha peke yake utafanya ulichofanya jana."

Nyumba yetu iko ukingoni mwa ziwa. Mbele kuna chumba changu cha kushonea, dirisha lake linatazama barabara. Nyuma kuna banda la kaka, na mteremko wa saruji wa kushushia boti majini, na gati fupi la mbao. Mji wenye uwanja wa ndege uko ng'ambo. Kwa ndege ni mwendo wa kumaliza kikombe cha chai. Kwa barabara unaondoka jua likichomoza, unafika likizama, na kiuno umekiacha njiani. Kampuni ya wifi ilirusha ndege ndogo, abiria wachache na mizigo, asubuhi mji huu, mchana mji ule. Kwa hiyo alilala huko huko kwenye nyumba ya kampuni, akaja kwetu akipata mapumziko, amebeba begi lake jeusi na uchovu wake.

Wakiwa wawili hilo halikuwa na shida. Kaka alikuwa na boti zake, na mapumziko yakifika utawasikia wanacheka huko bandani mpaka unaona haya kuwapelekea chakula. Shida ilikuja na mtoto.

Alizaliwa mdogo, tukamwita Chenga, kama chenga za mchele. Wifi alikaa naye likizo yote, akaomba nyongeza, akapewa, nayo ikaisha. Wiki ya kwanza aliporudi kazini alinipigia simu kutoka ng'ambo akinong'ona. Alikuwa amepakia abiria, amepaa, na huko juu maziwa yakaanza kutoka, shati jeupe limelowa kifuani, na kando yake amekaa mzee mmoja mwenye heshima zake asiyejua atazame wapi. Aliieleza kwa kicheko, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na mafua. Nikachukua mashati yake yote nikayafumua, nikashonea ndani vitambaa viwili viwili vya pamba. Nimeshona magauni ya maharusi, nimeshona suti, lakini sijawahi kushona kitu kwa uchungu kama yale mashati.

Akajaribu kuacha kazi. Hilo watu hawalijui, wanadhani alikuwa mkaidi. Aliacha kwa muda, akakaa nyumbani, akapika, akafua. Ndege ikipita juu alitoka nje na sabuni mikononi, akaitazama mpaka ikamezwa na mawingu. Kaka alimuuliza kilichokuwa kinamsumbua, nami nilikuwa mlangoni nikasikia jibu lake.

"Nikikaa nitamlea huyu mtoto huku namlaumu. Nikienda nitakuwa namkumbuka. Bora kumkumbuka."

Akarudi kazini. Chenga akabaki kwangu, anatambaa chini ya cherehani, anaokota vifungo, mimi namtoa vifungo mdomoni. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, na ni kweli, lakini kumbeba mtoto mgongoni huku unakata suruali nako kuna uchungu wake. Nilimpenda yule mtoto. Sina cha kuficha hapo.

Alipoanza kusema, aliwataja watu kama alivyosikia wakitajwa. Kutwa nzima wateja walisimama dirishani kwangu: "Mama, suruali yangu tayari?" "Mama, nipunguzie kiuno." Basi mimi nikawa mama. Mama yetu akawa Bibi, maana sote tulishaanza kumwita hivyo. Kaka akawa Baba. Na yule mwanamke wa begi jeusi, aliyekuja na kuondoka, aliyenukia mafuta ya ndege na sabuni ya ugenini, mtoto akipiga makofi alimwita kama nyumba nzima ilivyomwita.

"Rubani! Rubani amekuja!"

Sote tukacheka. Wifi akacheka pia, akambusu, akaingia ndani na begi lake. Sikumfuata.

Kaka si mtu wa maneno. Ila wiki ile ile alianza kupanga mbao bandani, na nilipouliza ni boti ya nani, akasema si boti.

"Ni nini basi?"

"Ni ndege."

Nikaweka sinia la chakula chini nikakaa. Akanieleza taratibu, kama anavyoeleza kila kitu. Amenunua michoro kwa mtu aliyewahi kujenga moja. Chini ni boti, na boti anaijua. Juu ni mabawa, na mabawa mkewe anayajua. Itakuwa na magurudumu ya kukunja. Rubani atapaa kutoka uwanjani kwa magurudumu, atavuka ziwa, atayakunja, atatua hapa mbele ya gati kwa tumbo. Kisha atayashusha humo humo majini apande nayo mteremko mpaka bandani. Asubuhi atarudi. Kila jioni atakuwa nyumbani.

"Kama bata," nikasema.

"Eeh. Kama bata."

Mtaa mzima ukapata cha kusema. "Wenzenu wanakula bata," jirani mmoja alinipigia kelele dirishani, "nyie mnajenga bata!" Nami nikamjibu kwamba suruali yake nitaikata mguu mmoja mfupi. Watu walipita kuchungulia bandani. Wengine walimshauri kaka aende akaombewe. Yeye alisikiliza, akashukuru, akaendelea kupiga msasa.

Haikuwa kazi ya mwaka mmoja. Chenga alirefuka bandani mle, akijipima kimo kwenye ubavu wa lile tumbo la ndege. Wifi akija mapumziko hakupumzika. Alivaa ovaroli ya mumewe, akaikunja mikono, akapima, akakataa, akafumua kazi ya mumewe iliyokuwa imekaa vizuri kabisa kwa macho yangu, akamwambia irudiwe. Na kaka, ambaye hakuna mteja aliyewahi kumwambia arudie kitu akabaki mteja wake, alirudia bila kununa. Nilijua hapo kwamba ndoa ile ni ya kweli.

Mimi kazi yangu ilikuwa kitambaa. Mabawa yale yalikuwa mifupa ya mbao, na juu yake huvalishwa kitambaa kigumu cha poliesta. Nilikishona mshono wa mara mbili kama foronya ya mto, tukalivika bawa, kikapakwa gundi, halafu kikapigwa pasi. Kikipata joto kinajikaza. Wifi akaja na kipimo cha joto, akakiweka chini ya pasi yangu.

"Unanipimia pasi?" nikamwambia. "Mimi? Nimepiga pasi kabla hujajua kuvaa sidiria!"

"Wifi, pasi yako inasema uongo. Ikisema nailoni, ina maana pamba."

Na kweli ilikuwa inasema uongo. Nikapiga pasi kwa maelekezo, ila nilinuna mpaka saa ya kula.

Baada ya pasi kuna kushonea kitambaa kwenye mbavu za bawa, kisije kikabanduka angani. Hiyo ni kazi ya watu wawili. Bawa linasimamishwa kwa ukingo wake, mmoja huku, mmoja kule. Unachomeka sindano ndefu upande wako, mwenzako anaipokea upande wake, anauzungusha uzi kwenye ubavu, anakurudishia. Hamuonani. Unachokiona ni ncha ya sindano inatokeza mbele ya kifua chako, na unasikia mwenzako anavyopumua. Tulishona hivyo siku nyingi, yeye upande wa mlango, mimi upande wa ukuta, na sijawahi kuongea na mtu vizuri kama nilivyoongea na yule mwanamke bila kumuona uso.

Siku moja sindano ilitokeza nusu ikasimama.

"Wifi," akasema.

"Sema."

"Jana ameanguka pale mlangoni. Nilikuwa karibu, nikamwinua. Akanisukuma. Analia mama, mama, anakutaka wewe."

Nikaishika ile ncha ya sindano, sikuivuta.

"Hakufundishwa na mtu," nikasema. "Amesikia wateja."

"Najua. Ndiyo maana sina wa kumgombeza. Sitaki kumlazimisha. Nataka tu siku moja aje aniite mwenyewe. Aniite mama kwa sababu mimi ndiye niliyepo. Hicho tu. Hii ndege yote ni kwa ajili ya hicho tu."

Neno lile lilikuwa limenikaa vizuri masikioni, na mimi sina mwingine wa kuniita hivyo isipokuwa wenye suruali. Lakini haki ni haki. Nikaivuta sindano, nikauzungusha uzi, nikamrudishia.

Bata alipokamilika, mkaguzi wa serikali alikuja akagonga, akavuta nyaya, akaandika, akaondoka, akarudi tena. Kaka alipachika kioo kidogo kwenye boya dogo lililo chini ya ncha ya bawa, ili Rubani akikitazama ayaone magurudumu yake kama yako ndani au nje. Hilo wifi alilisisitiza kuliko yote. Alitueleza sababu tukiwa mezani. Ndege ya kawaida, ukisahau magurudumu ndani utakwangua tumbo, utaaibika, utarudi nyumbani. Lakini hii, ukitua majini magurudumu yakiwa nje, maji yatayakamata na ndege itapinduka kifudifudi. Kwa hiyo kila anapotua atataja anatua wapi, na magurudumu yako wapi. "Maji. Magurudumu juu." Au, "Nchi kavu. Magurudumu chini." Na kidole kikionyesha kioo.

"Kama gesi," Bibi akasema.

"Kama gesi, mama."

Sitaki kuharakisha hapa, maana huu ndio wakati mzuri na ulikuwa mfupi. Jioni, kazi ikiisha ng'ambo, tulisikia muungurumo juu ya ziwa. Chenga alitupa chochote alichoshika. Tulitoka sote mpaka gatini, mimi na kitambaa changu cha kushona begani, Bibi na mkongojo wake, kaka akijifuta mikono. Tukampungia. Naye huko juu aliyatikisa mabawa, kulia, kushoto, ndiyo salamu yake, kisha akashuka, akayagusa maji, akayapasua, akaja taratibu mpaka mteremkoni, akashusha magurudumu, akapanda nchi kavu huku anachuruzika. Chenga aliruka ruka. "Bata anatembea! Bata anatembea!"

Upepo ukiwa mbaya hakuja, alilala kule. Lakini siku nyingi alikuja. Alimwogesha Chenga yeye. Alimsuka, vibaya, mistari imepinda kama njia ya mbuzi, na mtoto akakataa nisimfumue. Alimlisha. Ikafika mahali Chenga hakubali kijiko changu mpaka Rubani aje. Neno lilikuwa lile lile bado, Rubani, lakini siku hizo lilisemwa kwa sauti nyingine, ya kudeka.

"Bado," nilimwambia wifi, nikidhani namfariji.

"Litakuja tu," akasema. "Sina haraka. Nipo."

Siku ile hakuna upepo. Ziwa lilikuwa limelala, na jua limeinama upande wa kushoto wa gati. Tulisikia muungurumo, tukatoka. Kaka alikuwa wa mwisho, anatafuta kandambili. Bata akatokeza, tukaanza kupunga.

"Bata ametoa miguu," Chenga akasema.

Hatukumsikiliza. Alisema tena, akinivuta gauni. "Mama, Bata ametoa miguu."

Ni kaka aliyeinua kichwa. Nilimuona uso ukibadilika. Magurudumu yalikuwa nje, yananing'inia chini ya lile tumbo, unayaona kabisa. Kaka akapiga ukelele sijawahi kuusikia kwa mtu. Akavua shati akalizungusha hewani, akakimbia mpaka mwisho wa gati, anapunga mikono miwili, anaonyesha juu, juu, juu. Mimi nikakivuta kitambaa begani nikakipeperusha. Bibi akapunga mkongojo. Tulipunga kwa nguvu zetu zote.

Na wifi yangu akatuona. Akayatikisa mabawa, kulia, kushoto.

Alikuwa anatusalimia. Ndivyo tulivyofanya kila jioni, tunapunga, anajibu. Sasa angejuaje?

Sitaelezea namna ndege ile ilivyogusa maji. Nilimshika Chenga nikamfunika uso kwa tumbo langu, nikasikia tu. Nilipotazama, mabawa niliyoyashona yalikuwa chini, tumbo limetazama mbingu, magurudumu yanazunguka. Kaka alikuwa tayari yumo majini. Alimtoa. Alimkata mkanda kwa kisu chake cha kukatia faiba akamtoa akiwa hai, na kwa hilo Mungu ashukuriwe, ingawa kuna siku kaka mwenyewe anashindwa kushukuru.

Alilazwa ng'ambo miezi mingi. Kaka alikaa naye. Fahamu zilimrudia kidogo kidogo, na alipoweza kusema sawasawa nilikwenda kumtazama. Kichwa kimenyolewa, mshono umepita juu ya sikio, jicho moja linaangalia pembeni. Alitaka kunieleza mwenyewe, kabla watu hawajanieleza.

Alisema alipopaa, mshale wa joto la injini ulikimbia juu. Akaacha magurudumu nje makusudi, maana alitaka kugeuka arudi uwanjani. Akazunguka kidogo. Mshale ukashuka wenyewe, injini ikatulia. Akaona hakuna sababu ya kulala kule, mtoto anasubiri. Akaelekea nyumbani.

"Nilisema, wifi," akaniambia. Alinishika kidole. "Nakumbuka. Nilisema maji, magurudumu juu. Niliisikia sauti yangu."

"Na kioo?"

"Kilikuwa kimejaa jua. Nikakipita. Mdomo ulishasema." Akafumba lile jicho zima. "Nilikuwa naogopa mkono wangu. Sikujua mdomo nao utazoea."

Nililia pale pale, mbele ya manesi. Sikujali.

Daktari wa marubani alimpima mwishoni, akampima tena. Anaona vitu viwili viwili, na akigeuka ghafla anayumba. Alimwambia kwa upole kwamba hatarusha ndege tena. Leseni ikarudishwa ofisini. Kaka alisema mkewe alimsikiliza daktari mpaka mwisho, akamshukuru, kisha akataja kwa sauti: "Mlango, umefungwa," na mlango wa chumba ulikuwa wazi.

Huku nyumbani mimi na Bibi tulikuwa na Chenga. Kila jioni alikwenda gatini. Alipouliza, tulimwambia Rubani anaumwa, Rubani atarudi. Tungemwambia nini kingine? Alizoea jibu hilo. Lakini siku ya wifi kuja ilipokaribia, Bibi aliniita faragha, akasema jambo ambalo nililiona la busara, na mpaka leo siwezi kusema halikuwa la busara.

"Jina lile tuliache sasa," akasema. "Litamchoma. Kila tukimwita Rubani tutakuwa tunamkumbusha. Na huyu mtoto amekua, aanze kumwita mama yake mama."

Basi tukalizika lile neno, nyumba nzima. Tukamfundisha Chenga. Mimi ni shangazi. Anayekuja kwa gari ni mama. "Nani anakuja?" "Mama." "Na mimi nani?" Alinitazama muda, halafu akasema, "Shangazi." Alilisema vizuri tu. Nikaenda jikoni nikasonga ugali usiokuwa na mlaji, mradi mikono iwe na kazi.

Akaja. Alishuka kwenye gari akishikiliwa na kaka, amekonda, kitambaa kichwani, gauni nililomshonea mimi kwa kukisia. Hatua zake zilikuwa za mtu anayepita juu ya boti. Chenga alisimama nyuma yangu akamwamkia kwa adabu, shikamoo, kama mgeni. "Marahaba, mama," wifi akasema, kama tunavyowajibu watoto wa kike, na akatabasamu kwa upande wa uso uliobaki na tabasamu.

Alikaa. Sasa alikuwepo kila siku, asubuhi, mchana, jioni. Kaka alivuta mabaki ya Bata akayaingiza bandani, akafunga mlango, akarudi kwenye boti za watu. Siku moja tu nilimsikia akisema, kama anaongea na msasa, kwamba angemjengea isiyo na magurudumu. Nikamwambia isiyo na magurudumu isingepaa uwanjani, mke asingerudi jioni hata moja. Akasema anajua.

Wifi alikaa nami chumba cha kushonea. Nilimpa kazi ya kufumua, kwa sababu kufumua unaweza kwa vidole bila macho. Chenga alizunguka zunguka. Alimletea maji akitumwa. Alimwita mama alipoambiwa amwite mama, basi. Nilikuwa namtazama wifi anavyosubiri. Aliinama kwenye nguo za watu, anavuta uzi, masikio yote kwa mtoto.

Ikawa mchana mmoja, mvua imenyesha, wateja hakuna. Chenga alikuwa chini ya meza na vifungo vyake. Akatoka, akasimama mbele ya wifi, na bila kutumwa na mtu yeyote akaweka mikono miwili juu ya mapaja yake.

"Mama," akasema.

Niliondoa mguu kwenye cherehani. Wifi aliacha uzi ukaning'inia. Uso wake wote uliwaka, hata ule upande uliolala, na nikamshukuru Mungu kwa sauti ndani ya kifua changu. Nilijua sauti ile. Haikuwa ya kufundishwa.

"Naam, mama," akajibu.

"Rubani atarudi lini?"

Mimi niliye na mdomo mrefu kuliko uzi nikainama, nikaanza kuokota vifungo vya mtoto. Wifi hakunitazama. Alimtazama mtoto, kwa lile jicho zima, muda mrefu.

"Unamtakia nini?" akamuuliza polepole.

"Nimemkumbuka."

Alimvuta, akampakata, akamlaza kichwa kifuani, juu ya gauni lile nililolikisia. Alimpapasa mistari ya nywele, safi, niliyoisuka mimi.

"Hata mimi, mama," akasema. "Hata mimi nimemkumbuka sana."